Vitunguu Kwenye Mapengo

Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya kusherehekewa, Wamuyu aliteremka shamba la chini kuangalia viazi vyake kama alivyofanya kila siku tangu avipande, akakuta mashina matatu yamelala. Hayakuwa yamekauka. Yalikuwa mabichi, majani yake ya kijani kabisa, ila yameinamisha vichwa kama watoto walioshikwa na usingizi kanisani. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha na udongo umelowa chepechepe. Haikuwa kiu basi, na Wamuyu, aliyelima viazi Dundori kwa miaka thelathini na minane, hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba haikuwa kiu.

Aliangalia barabarani kama kuna mtu anayepita. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote: kwamba kabla hata hajainama kushika shina, tayari alikuwa ametazama kama kuna anayemwona.

Hapakuwa na mtu. Alikata shina moja kwa kisu, akalificha ndani ya sweta na kupanda nalo nyumbani. Jikoni alijaza maji safi kwenye glasi, akalining'iniza lile shina ndani yake, ncha iliyokatwa ikiangalia chini, kisha akavuta kigoda akakaa. Alikuwa amefundishwa jambo hilo miaka mingi iliyopita na bwana shamba mmoja mzee. Shina likiwa zima, maji hubaki vilevile. Shina likiwa na mnyauko, ule ugonjwa wa viazi unaosambaa kwa mbegu, maji na udongo, utaona.

Hakusubiri sana. Uzi mweupe mwembamba ulitoka kwenye shina ukashuka taratibu ndani ya maji, kama maziwa yanayovuja, kisha wa pili, wa tatu. Wamuyu aliyamwaga maji yale kwenye karo haraka haraka, halafu akakumbuka kwamba maji ya karo hupitia mtaroni na mtaro hupitia shambani. Alikaa tena kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, asijue la kufanya.

Lazima nikueleze sherehe yenyewe, maana bila hiyo utamwona Wamuyu mtu mbaya, naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kikundi, yeye na wanawake wengine wanane. Kiliitwa Wendani. Kila Jumanne walikuwa na ngwatio: wote tisa wanabeba majembe na kwenda kulima kwa mmoja wao, Jumanne inayofuata kwa mwingine, hadi zamu izunguke. Kwa ngwatio hiyo Linah, mwenyekiti wao, alilima eka nzima mwaka aliovunjika mkono. Kwa ngwatio hiyo hakuna shamba la mjane lililowahi kuota magugu pale kwao. Wanaume walipokuwa wakipiga domo sokoni kuhusu bei ya viazi, hao wanawake ndio waliokuwa wakivichimba. Na mbegu waliyopanda karibu wote, kwa miaka kumi na mmoja sasa, ilitoka kwa Wamuyu. Watu hawakusema mbegu ya aina gani. Walisema tu, mbegu ya Wamuyu, na ikatosha.

Sasa wakubwa wa kilimo walikuwa wamesikia habari zake. Ijumaa wangekuja Dundori kuadhimisha Siku ya Mama Mkulima, na shamba walilochagua ni lake. Angepewa cheti. Ukutani sebuleni kulikuwa tayari na cheti kimoja, cha mwaka 2009, kimeandikwa kwa herufi za kupinda: Mkulima Bora wa Viazi, Bwana Kabiru. Kabiru alikuwa mumewe, marehemu sasa, mtu mpole ambaye hakujua kutofautisha mbegu na kiazi cha kupika. Siku aliyopewa cheti hicho, Wamuyu alikuwa jikoni akipakua chakula cha wageni. Alikuwa amekitazama kwa miaka yote hiyo akipangusa vumbi, na hakuwahi kusema neno.

Baada ya kumwaga maji aliingia ghalani. Mbegu zilikuwa zimepangwa juu ya chaga, safi, zimechipua macho mafupi manene kama inavyotakiwa. Zilikuwa zimevunwa shamba la juu mwezi wa Mei. Nyingine alikuwa amezipanda shamba la chini, hizo hizo zilizokuwa zinalala, na zilizobaki ndizo hizi. Alichukua kiazi kimoja akakikata katikati. Kisafi. Alichukua cha pili. Kisafi. Cha tatu kilikuwa na duara la kahawia ndani ya ganda, na alipokiminya, tone zito jeupe lilitoka.

Viwili kati ya vitatu ni vizima, alijiambia. Alilisema hata kwa sauti, pale ghalani peke yake.

Alasiri hiyo alirudi shamba la chini na kung'oa mashina yaliyolala. Yalikuwa matatu asubuhi. Sasa yalikuwa kumi na moja. Aliyatupa kwenye choo cha shimo. Mapengo yaliyobaki yalionekana vibaya kama mdomo uliong'olewa meno, kwa hiyo alikwenda kwenye bustani ya jikoni, akang'oa vitunguu vya majani vilivyokwisha kukomaa, akavipanda katika kila pengo na kuvimwagilia maji. Alipomaliza, ungedhani ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

*

Alhamisi Cheruto alikuja kusaidia kupika. Alikuwa mdogo wa wote katika Wendani, miaka thelathini na sita, na ndiye aliyekuwa karibu na Wamuyu zaidi, kwa sababu wote wawili walikuwa wajane na shamba la mmoja lilionekana kutoka kwenye la mwingine. Kemboi, mume wa Cheruto, alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita akimwachia nusu eka. Nusu eka hiyo ilikuwa ikimnyima usingizi Kosgei, shemeji yake, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko malisho.

Walikaa barazani wakisukuma chapati. Baridi ya Dundori ilikuwa kali hata saa nne, na ukungu ulikuwa haujaondoka bondeni.

"Mama Thuo, Kosgei alikuja jana," Cheruto alisema. Alimwita hivyo kwa jina la kifunguamimba wa Wamuyu, kama majirani wote.

"Anataka nini tena?"

"Ni ile ile. Amesema mbele ya wazee, ati hii season ndio ya mwisho. Shamba likizaa, ataniacha na haitakuwa na maneno. Isipozaa, anaweka fensi, ng'ombe waingie. Na wazee wakatingisha kichwa tu."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema sawa." Cheruto alicheka, akapangusa unga kwenye shavu. "Ningesema nini? Lakini mimi siogopi, mama. Nimeacha hiyo shamba ipumzike, sijapanda hata sukuma wiki. Nangojea tu mbegu yako. Mbegu yako haijawahi kuniangusha."

Wamuyu aliacha kusukuma. Maneno yalikuwa yamemfika mdomoni, yote, kwa mpango: usipande, Cheruto, kuna mnyauko, tutafute mbegu kwingine, bado kuna wiki mbili. Ni sentensi moja. Mtoto angeweza kuisema. Akafikiria cheti, na Ijumaa, na watu wanavyogeuka kukutazama wakishasikia shamba lako lina ugonjwa. Akafikiria jina lake likisemwa kwa spika, Wamuyu, siyo mama nani wala bibi wa nani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

"Cheruto," alisema.

"Ee?"

"Ongeza unga. Inashika mikono."

Cheruto aliongeza unga. Baada ya kazi Wamuyu aliingia naye ghalani, akamtengea mbegu zake za nusu eka kabla ya watu wengine. Alizichagua moja moja kwa mkono wake mwenyewe, akatoa zile ndogo, akatoa zenye mikwaruzo, akampa zilizokuwa na macho mazuri kabisa. Alifanya hivyo kwa upendo, nakuhakikishia. Lakini mnyauko hauonekani kwa macho kwenye mbegu isiyokatwa, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Dundori.

*

Ijumaa mahema mawili yalisimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, na spika ikawekwa juu ya mkokoteni. Wanawake walikuja wamependeza, wengine kutoka mbali, Kabazi na Subukia. Wendani walikuwa wameshonesha leso sare za kijani. Wanaume watatu walihutubia kuhusu wanawake kwa muda wa saa moja na robo. Walisema mama ndiye uti wa mgongo wa kilimo. Walisema mama akiwezeshwa taifa litashiba. Mmoja wao alivaa viatu vyeupe na muda wote alikuwa akitazama matope.

Kisha afisa kijana aliyeitwa Gedion, ambaye angalau alivaa gambuti, aliwaongoza watu kutembelea shamba. Waliteremka wote, watu zaidi ya mia, wakapita katikati ya matuta, udongo ukiwaganda viatuni. Wamuyu alitembea mbele kabisa, karibu na Gedion. Aliona shina moja jipya limelala pembeni. Alilikanyaga akalifunika kwa gauni.

Gedion alisimama mbele ya vitunguu.

"Oneni hapa," alisema kwa kipaza sauti cha mkononi. "Mama hajapanda viazi peke yake. Amechanganya na vitunguu, kwa nafasi, kwa akili. Hii ndiyo tunaita kilimo mseto. Nani alikufundisha, mama?"

Watu walimgeukia.

"Nimejaribu tu mwenyewe," alijibu.

Wakapiga makofi. Linah alipiga kigelegele. Wanawake wawili kutoka Subukia walichuchumaa kuangalia vizuri jinsi vilivyopandwa, wakagusa udongo, wakapima nafasi kwa viganja.

Jina lake lilipotajwa kwenye spika, lilikuwa zuri kama alivyowaza, na lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Alipokea cheti kwa mikono miwili. Aliona jina Wamuyu limeandikwa kwa wino mweusi mnono. Alilia, na watu wakadhani wanajua analilia nini. Wendani walimzunguka wakaimba, na Cheruto ndiye aliyemfunga leso ya heshima kiunoni, akamkumbatia kwa nguvu hadi cheti kikakunjika pembe moja.

Na Wendani walikuwa na desturi yao, kwamba mwenzako aliyekanyaga shamba lako haondoki mikono mitupu. Wamuyu alikuwa ameizoea kuliko wote kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na cha kugawa. Jioni, watu wa mbali walipokwisha kuondoka, wanawake wa kikundi walipanga foleni mlangoni mwa ghala na vikapu vyao. Angeweza kusema hata wakati ule. Wakubwa walikuwa wamekwenda, cheti kilikuwa mezani, hakuna ambaye angemnyang'anya. Lakini alikwisha kupigiwa makofi kwa vile vitunguu. Alijaza vikapu vya mbegu kimoja baada ya kingine, kila mmoja akisema asante mama, Mungu akubariki, naye akijibu amina.

*

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa nzuri. Cheruto alipanda wiki ya mwisho ya Septemba, na Jumanne yake ya ngwatio walikwenda wote wakamlimia matuta yaliyonyooka kama yamechorwa. Wamuyu alilima naye. Kuanzia hapo, kila asubuhi alikuwa akitoka nje kabla ya chai na kutazama ng'ambo, kwenye nusu eka ile. Oktoba ilikuwa kijani. Mwanzoni mwa Novemba ilikuwa bado kijani, na Wamuyu akaanza kula vizuri tena. Alijiambia labda viwili vizima kati ya kila vitatu ndivyo vilivyokwenda kwa Cheruto, na kile cha tatu kilibaki.

Mwisho wa Novemba, viazi vilipotoa maua, Cheruto alikuja amebeba mfuko wa plastiki. Alisimama nje ya lango asiingie.

"Karibu, ingia," Wamuyu alisema.

"Hapana, mama. Siwezi ingia." Aliinua mfuko. Ndani yake kulikuwa na shina la kiazi, kijani, limelala. "Nimeona tangu Jumapili. Yalikuwa kama matano. Leo ni nusu ya shamba."

Wamuyu alishika nguzo ya lango.

"Nimekuja kuomba msamaha," Cheruto aliendelea, na machozi yakaanza kumtoka. "Ni mimi nimeleta hii kitu. Mwezi wa nne nilienda kusaidia shangazi yangu kule Kabazi kuvuna, na viazi vyake vilikuwa vinalala hivi hivi. Nikarudi na jembe langu hivyo tu, sikuosha, na Jumanne yako nikaja kulima hapa kwako, shamba la juu. Nimekuwa nikifikiria usiku kucha. Nimeharibu yangu, sawa, lakini nikikuharibia wewe pia, na wewe ndiye umenibeba... Yako iko sawa, mama? Tafadhali niambie yako iko sawa."

Hapo Wamuyu alipewa njia. Labda hata ilikuwa kweli. Labda lilikuwa jembe la Cheruto kweli lililoleta ugonjwa, nani ajuaye, ugonjwa huo hauna barua ya kuonyesha ulikotoka. Angeweza kusema yaishe, mwanangu, ni bahati mbaya, na Cheruto angemshukuru kwa hilo maisha yake yote. Alimtazama msichana yule aliyesimama nje ya lango ili asimchafulie udongo, akajionea kinyaa.

"Si wewe," alisema. "Ni mbegu yangu."

"Hapana, mama, usinifunike. Mimi najua ni—"

"Cheruto. Nilikata kiazi. Kilikuwa na ugonjwa. Nilijua."

Cheruto alishusha mfuko.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano gani? Hii juzi?"

"Ile kabla ya sherehe."

Wamuyu alimwona akihesabu siku, akirudi nyuma hadi kwenye baraza, kwenye unga na chapati.

"Alhamisi nilikuwa hapa," Cheruto alisema polepole. "Nilikuambia habari ya Kosgei. Nilikuambia yote."

"Ulinieleza."

"Na ukaniambia niongeze unga."

Cheruto aliuweka ule mfuko chini, pale pale langoni, akaenda zake. Hakugeuka hata mara moja.

*

Jumanne iliyofuata ngwatio ilikuwa kwa Wamuyu. Alidhani Cheruto amekwisha kuwaambia, kwa hiyo hakutarajia mtu. Hata hivyo alichemsha githeri, mahindi na maharagwe ya watu tisa, kwa mazoea. Saa mbili akasikia wimbo. Walikuwa wanakuja barabarani, saba, majembe mabegani, Linah mbele akiongoza kama kawaida. Cheruto hakuwepo. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alikuwa amemwachia Wamuyu mwenyewe kazi hiyo.

Wamuyu alitoka mbio hadi langoni, akalifunga na kusimama mbele yake.

"Msiingie," alisema.

Linah alicheka. "Kwani leo umetuchoka? Tupe githeri tu, tulime twende."

"Msiingie. Shamba langu lina mnyauko."

Wimbo ulikwisha. Akawaambia. Hakuwaambia vizuri, alianzia katikati, akarudi nyuma, akachanganya shamba la juu na la chini. Lakini aliwaambia habari ya glasi ya maji, na viazi vitatu alivyovikata, na mashina kumi na moja chooni, na vitunguu. Alipofika kwenye vitunguu mmoja wao, Jepchumba, alishika mdomo. Yeye alikuwa amekwenda nyumbani Ijumaa ile akapanda vitunguu katikati ya viazi vyake vyote, mstari kwa mstari.

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja aliinua mguu akatazama chini ya kiatu chake. Kisha mwingine, na mwingine, hadi wanawake wote saba walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja barabarani wakitazama nyayo za viatu vyao, wakikumbuka ni wapi walipopita navyo tangu Septemba. Mashamba yao yote. Ngwatio yote. Kila Jumanne walikuwa wameubeba ule udongo na kupelekeana.

"Mbegu zako nilizipanda karibu na mlango," mwanamke mmoja alisema kama anaongea peke yake. "Ndio niwe naziona nikiamka."

Tangu Cheruto aondoke, Wamuyu alikuwa ameweka ndoo ya maji na dawa ya kuondoa madoa ya nguo kando ya lango, ya kuoshea viatu na majembe. Linah aliosha vyake kwanza. Alisugua taratibu kwa gunzi la mahindi, kati ya meno ya gambuti, kila kona. Alipomaliza alinyoosha mgongo.

"Unajua nini, Mama Thuo," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ungetuambia ile Ijumaa, tungelia kidogo, tungekula chapati, tungeenda nyumbani na vikapu vitupu. Basi. Na bado ungepata certificate yako. Nani angekunyima? Miaka kumi na moja umetulisha. Bado ungekuwa Wamuyu."

Akampa mwenzake ndoo. Wakaosha wote, zamu kwa zamu, wakashika njia. Githeri ilikaa jikoni siku tatu, kisha akampa nguruwe wa jirani.

*

Kosgei hakusubiri mwaka uishe. Wiki ya Krismasi alileta nguzo na seng'enge, na kufikia Januari ng'ombe wake walikuwa wakitembea juu ya matuta yaliyonyooka. Kwa kuwa hakutaka watu waseme yeye ni mkatili, alimwachia shemeji yake ukanda mwembamba kando ya nyumba, mistari kama sita hivi. Cheruto alisema ataupanda mahindi, maana viazi havitakubali hapo kwa miaka. Lakini kwanza ilibidi aupindue udongo wote na kuokota kila kiazi kilichooza, hata kilicho kama punje, asibakishe.

Wamuyu alimwona kutoka kwake, ameinama peke yake. Alimtazama asubuhi tatu. Asubuhi ya nne aliliosha jembe lake kwa dawa, akaliosha tena, akalikausha juani na kwenda nalo.

Cheruto aliinua kichwa. Alitazama lile jembe, mpini hadi ncha. Kisha akatazama viatu.

"Vua," alisema.

Wamuyu alivua gambuti zake akaziacha barabarani, akavua na soksi. Udongo wa Dundori mwezi wa Januari asubuhi ni baridi kama bati, na miguu yake ilikuwa miguu ya mtu wa miaka sitini na mmoja. Aliingia peku. Cheruto alimwonyesha kwa kidevu mstari wa mwisho, ule wa kando ya seng'enge.

"Hii si ngwatio," Cheruto alisema. "Sitakuja kwako. Ukimaliza huo mstari, enda."

"Sawa."

Cheruto alimgeuzia mgongo akaendelea na wake. Hapakuwa na wimbo wala hadithi za watoto wala kucheka, ila majembe mawili tu, moja huku na jingine kule, na ng'ombe wakipumua ng'ambo ya ua. Wamuyu aliinama. Aliokota viazi vilivyooza kimoja kimoja, vingine alivyokuwa amevichagua kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ya macho yao mazuri, akavitia kwenye ndoo. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mstari ulikuwa mfupi, hatua ishirini hivi, nao aliulima polepole sana, ili usiishe.